Nyuzi Thelathini na Nne

Mke na mume walikuwa mafundi wa kiwanda kimoja cha maziwa, na siku hiyo hawakusemezana. Jana yake mume alimcheka mkewe mbele ya mawifi zake, naye akanuna mpaka asubuhi.

Kazi haikujali. Mume alikuwa kwenye matangi akifunga vihisi joto. Mke alikuwa chumba cha mitambo, akiunganisha nyaya za vihisi hivyo kwenye kisanduku kinachogeuza mkondo wa umeme kuwa namba kwenye skrini. Vihisi vitano vilisoma vizuri. Cha mwisho kilikaa kimya. Kumbe mke alikuwa amepishanisha waya mwekundu na mweusi. Akalegeza skrubu, akazibadilisha.

Namba ikatokea: nyuzi joto ishirini na mbili. Kisha ikaanza kupanda polepole. Ishirini na nane. Thelathini na moja.

Matangi yalikuwa matupu na baridi. Akaelewa: jamaa amekifumbata kihisi kiganjani.

Akabana kicheko, akashika redio ya mkononi. "Wewe bwana, nimeshaona. Toa mkono."

"Kwani nimesamehewa?"

Akaitazama skrini. Thelathini na nne, na inazidi kupanda.

"Bado," akasema. "Usiutoe."