Daktari wa Mawazo

Mgonjwa wa Jumatano aliingia na chane ya ndizi mkononi, na kabla hajaketi akauliza kama daktari amekula.

"Nimekula, mzee Kastori," Imelda akajibu, akafungua daftari. "Leo tuzungumze habari zako. Usingizi vipi?"

"Usingizi? Mi nikilala, hata paa ling'oke siamki. We je, unalala?"

Imelda akaandika: "Anakwepa." Walimu wake wa Gitega walimfundisha hivyo: mgonjwa anayemuuliza tabibu maswali anaficha kidonda chake.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba. Alipangiwa staji, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu katika kituo cha afya huko Gasorwe, mkoani Muyinga, kwenye vilima vilivyojaa watu waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania kama yeye. Sharti lilikuwa moja: saa arobaini za kuketi na wagonjwa. Zikipungua, mwaka umepotea, na ile kazi aliyoahidiwa hospitalini mjini Gitega ingekwenda kwa mwingine.

Wiki mbili za mwanzo hakutia mguu mtu. Imelda alikaa kutwa katika chumba chake cha viti viwili, mlango wazi. Waliokuja kuchomwa sindano walichungulia, wakanong'onezana, wakaenda zao.

Kisha Jumatatu moja akaja mama Dorotea, mkulima wa maharage, akaketi saa nzima. Jumanne akaja Gaudensia, fundi cherehani. Jumatano, mzee Kastori. Tangu hapo hakukosekana mtu: kila siku mmoja, wala hawakugongana.

Imelda akampigia simu profesa Bagalwa, msimamizi wake. "Wamefunguka!" alisema kwa furaha.

Kufunguka kwenyewe kulikuwa kwa namna yake. Gaudensia alitaka kujua kama ana mchumba au ana vitabu tu. Kastori alimsimulia vichekesho vya kambini, akimtazama usoni kama atacheka. Imelda alirudisha kila swali kwa upole, kama alivyofundishwa. Lakini mtu mzima akikuuliza mama yako yuko wapi, utamkodolea macho?

Siku moja akajibu. Akamweleza Dorotea jinsi mama yake alivyofia kambini, miezi miwili kabla ya malori ya kurudi nyumbani. Na jinsi watu walivyoimba walipovuka mpaka, naye amekumbatia mfuko wa nguo za marehemu asijue ampe nani. Hakuwahi kumwambia mtu. Alilia mpaka saa ikaisha. Dorotea alimshika mkono tu.

Imelda alijilaumu sana. Aliandika ukurasa mzima juu ya tabibu anayesahau mipaka yake, kisha akalala fofofo hadi asubuhi. Usingizi wa namna hiyo hakuwa ameuonja tangu arudi Burundi.

Mwezi wa tatu profesa Bagalwa akaja kutoka Gitega kukagua. Alisoma daftari kurasa zote, akajumlisha saa: arobaini na nne.

"Bon, vizuri," akasema. "Hata mi, staji yangu kule Bukavu, sikupata watu hivi. Sasa nisikie kwa mugonjwa mwenyewe."

Akatoka nje. Dorotea alikuwa anangoja zamu yake kwenye benchi, chini ya dirisha. Imelda akabaki ndani. Neno moja baya la huyu mama, na shahada inayeyuka.

"Mama," profesa akaanza, "tangu muanze kuonana na huyu binti, iko mabadiliko?"

"Makubwa, baba!"

"Yapi?"

Dorotea akatazama mlangoni, akashusha sauti, lakini dirisha lilikuwa wazi.

"Alipofika alikuwa na hali mbaya. Kutwa peke yake chumbani, hasemi na mtu. Sisi wa kilimani tukaona huyu mtoto atatupotea, tukagawana siku za kuja kukaa naye. Sasa anakula, analala, juzi hata kacheka. Ila nakuomba, baba, kama wewe ndiye daktari wake, usimrudishe Gitega mapema. Ya mama yake bado hajayamaliza."