Anwani za Winfrida

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Alfredi aliiweka kompyuta juu ya sufuria la maji baridi. Maji yalikuwa ya kununua, ndoo nzima, na jirani aliyepita uani alisimama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kabla ya adhuhuri Newala nzima ingejua kwamba mgane wa Winfrida sasa anapika kompyuta.

Hakuwa na njia nyingine. Kompyuta ya marehemu ilipata joto na kuzimika kila baada ya dakika ishirini, na ndani yake mlikuwa na majina mia mbili na kumi na nane.

Hao ndio aliowataka. Winfrida alifia njiani akipelekwa hospitali, simu yake ikapotea siku hiyohiyo, na mazishi yakafanyika mvua ikinyesha, watu wachache, wengi wao wa upande wa Alfredi. Wateja wake wa miaka kumi na mitano, wa Chilangala, Tandahimba, mpaka Chiungutwa, hawakuambiwa. Misa ya arobaini ilikuwa Jumamosi, na leo ni Jumatatu. Kama angemzika mkewe kimyakimya mara ya pili, Alfredi hakujua angemtazama binti yao Dorika kwa uso gani.

Watu wenyewe hakuwajua. Miaka yote kibanda cha mkewe pale karibu na stendi alikiita kibanda cha umbea. Watu walikwenda kujaziwa fomu za vyuo, za mikopo, za kazi, na kwa kuwa siku hizi kila fomu inataka barua pepe, Winfrida aliwafungulia, na neno la siri akabaki nalo yeye. Kisha walirudi dirishani kila wiki kuuliza kama wamejibiwa, naye alijua majibu ya kila mtu kabla ya mwenyewe. Siku moja alipanda bodaboda mpaka Chiungutwa kumwambia mama mmoja kwamba mwanawe amepata chuo. Alfredi alimuuliza kwa nini huyo mama asisome barua yake mwenyewe. Winfrida alicheka, akaendelea kusonga ugali.

Kompyuta mpya aliinunua Masasi, dukani kwa fundi aitwaye Shakila. Shakila alijitolea kumhamishia majina. Alfredi alikataa. Alimweleza kwamba amekuwa karani wa ghala la chama cha msingi miaka ishirini, amehamisha korosho ghala hadi ghala bila kupoteza gunia, sembuse majina, ambayo hata uzito hayana.

Sasa alikuwa anampigia simu mara ya tano.

"Shikamoo, Baba Dorika. Imekataa tena?"

"Marahaba. Haijakataa. Nimeweka kila kitu kwenye flashi, nimechomeka kwenye mpya, haifunguki tu."

Shakila aliuliza alichoweka ni kitu gani hasa. Alfredi akaeleza, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo: ile picha ya bahasha iliyoko kwenye kioo, ameivuta yote.

"Baba, hicho ni kitasa. Umeng'oa kitasa cha mlango, unasema umehama nyumba."

Alfredi alishukuru kwamba simu haionyeshi uso. Tangu hapo alimfuata fundi hatua kwa hatua: fungua kitabu cha anwani, chagua zote, toa faili moja, hesabu. Jaribio la kwanza, majina yalifika bila anwani. La pili, kompyuta ya zamani ilizimika katikati, akabadilisha maji ya sufuria. La tatu, kompyuta mpya iliuliza kama iyaunganishe majina yanayofanana. Alikaribia kukubali, kwa sababu iliuliza kwa adabu.

"Akina Mama Zuhra wako wangapi?" aliuliza Shakila.

Akahesabu. Walikuwa kumi na mmoja. Winfrida hakumwandika mtu kwa jina lake la ubatizo wala la shuleni. Aliwaandika kama alivyowaita. Kwa kubonyeza mara moja, kumi wangetoweka, abaki Mama Zuhra mmoja wa kuja arobaini kwa niaba ya wenzake.

"Kataa," Shakila akasema. Akakataa.

Ilipofika adhuhuri walikuwa wamevuka wote, mia mbili na kumi na nane. Alizipitia anwani moja moja kama magunia. Alivutiwa na nidhamu ya watu wa vijiji hivi: kila anwani ilianza na mzazi, ikafuata mtoto, kisha kijiji, wala hakuna aliyekosea mtindo. Alijilaumu kwa kuwadharau muda wote ule.

Barua aliiandika kwenye sanduku la barua pepe la mkewe, maana yeye hakuwahi kuona haja ya kuwa na lake. Ikamlazimu kuanza na maneno "Anayeandika ni mume wake," watu wasije wakadhani marehemu anajitangaza mwenyewe. Akaeleza kifo, siku ya misa, na kwamba chakula kitakuwepo. Mwishoni aliongeza jambo ambalo hakulipanga: kwamba hakuwahi kumuuliza mkewe habari za kazi yake, na angefurahi waje wamsimulie. Akatuma kwa wote.

Kompyuta ililia kabla hajaondoa mkono. Ikalia tena, kisha mfululizo, kama changarawe juu ya bati. Alfredi alimwita Dorika kutoka jikoni, akamwambia watu wa mama yake wanajibu. Akavaa miwani. Akafungua ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kila moja ilianza na "Anayeandika ni mume wake." Akazidi kufungua.

"Baba Dorika, zinarudi?" Shakila aliuliza kutoka kwenye simu iliyokuwa bado hewani mezani. "Kama anwani ni mbovu, barua hurudi."

"Hazijarudi," alisema Alfredi. "Zimefika. Zote mia mbili na kumi na nane zimefika kwa Winfrida."