Mkondo Mwembamba wa Kibibi

Kila mtoto hupewa mkondo wake wa maandishi siku anayozaliwa, na herufi ya kwanza kuandikwa humo ndiyo huamua upana wake. Mkondo mwembamba hubeba herufi za Kilatini tu; mpana hubeba maandishi yote ya dunia. Haubadiliki mpaka mwenyewe afe.

Wodini, siku aliyomzaa Kibibi, Tima aligusa herufi nyembamba kuufungua mkondo wa mwanawe, kwa sababu mkunga alisema hiyo haina foleni.

Miaka saba baadaye mama yake, Bi Mwanaesha, alikuja kutoka Siyu, akamkuta Tima jikoni akikuna nazi na mjukuu wake pembeni.

“We Kibibi, utenzi wangu umeusoma? Beti mia mbili nimekutumia, kwa herufi za Kiarabu, kama alivyonifunza babangu.”

“Sijaona kitu, Bibi.”

“Mvivu kama mamako!”

Tima hakucheka. Mkondo mwembamba haurudishi herufi pana, wala haulalamiki; huzimeza tu.

“Mama, karatasi za utenzi bado unazo?”

“Za nini tena? Nilizichoma zote. Si umeshafika kwa mtoto?”

Tima akaendelea kukuna, ingawa kifuuni hamkuwa na nazi tena.