Hondohondo Aliyeacha Kuita

Hondohondo alikuwa na sauti ya kutikisa msitu. Mkewe alipotaka kutaga, walifuata mila ya ukoo wao: mke aliingia katika shimo la mti, wakaliziba kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba wa kupitishia chakula.

"Mume wangu," mke alisema kutoka ndani, "ufa huu haunionyeshi uso wa mtu. Nitakutambua kwa sauti yako tu. Asiyeita, nitamdunga jicho."

"Nitaita," Hondohondo aliahidi, na kila asubuhi aliita.

Kima, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasema wenzake, alimzuia njiani. "Bwana Hondohondo, kuyu moja tu unalompelekea mkeo, mpaka msitu mzima tutangaziwe? Waungwana hufanya mambo yao kimya kimya." Wanyama wote wakacheka.

Hondohondo aliona haya mpaka manyoya yakamsimama. Kesho yake alibeba kuyu lake, akatua penye ufa bila kutoa neno. Mdomo mkali ulichomoka ndani ukamwingia jichoni. Alianguka kuyu likiwa limemziba kinywa, akafa asiweze hata kulia.

Walimzika mbali, bondeni. Kima ndiye aliyelia kuliko wote. "Sauti ile jamani, tutaipata wapi tena?"

Kule shimoni, mke aliwafunika vifaranga kwa bawa. "Msiogope, wanangu, mwizi nimemkomesha. Tulieni sasa, tumsikilize baba yenu akiita."