Dua ya Mtawala

Kila Ijumaa Khatibu Shekue alimwombea dua mfalme wa wageni waliowatawala, kama serikali yao ilivyoamuru, na hakuna muumini hata mmoja aliyeitikia "Amin". Leo, chama cha wenyeji kikiwa kimeshadai dola yao wenyewe, serikali ilimtuma askari mmoja Mwislamu aje asikilize.

"Sheikh, usinitie matatani," askari alimnong'oneza mlangoni. "Mtaje tu mfalme."

Sasa Shekue alikuwa juu ya mimbari, kaishika fimbo ya hutuba kwa nguvu zote.

"Ewe Mola, mpe nguvu mtawala wetu..."

Akakiinua kichwa.

"...atakayetoka miongoni mwetu!"

"Amin!" Kuta zikarindima.

Shekue akamtafuta askari kule safu ya nyuma. Mikono ya askari huyo ilikuwa bado juu, viganja wazi, na machozi yakimtiririka.