Picha ya Ini la Yakoub

"Kiling'aa?" Yakoub aliuliza kabla hata hajaketi.

Saleha aliisoma barua ya Kiingereza mara mbili. Alikuwa muuguzi, na nusu ya Chumbageni ilimletea karatasi zake za hospitali. Yakoub alisoma chuo cha Kurani tu, Kiingereza hakukijua.

"Nairobi walinivua mpaka pete na hirizi, shemeji. Wakanidunga dawa mshipani, wakanisukuma ndani ya lile dude la sumaku. Linagonga kama mafundi bati! Daktari akasema ini langu limekakamaa, lakini dawa ikipita na kitu king'ae, hiyo ndiyo saratani."

"Kiling'aa," alisema Saleha. "Pole, shemeji." Akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Yakoub aliinamisha kichwa. "Nina muda gani?"

"Usiuulize muda. Kama kuna mtu uliyemdhulumu, kaombe radhi. Na kama watu walimsema vibaya kwa ajili yako, waambie hao hao ukweli."

Yakoub alimwita Saleha shemeji tangu enzi za foleni za sukari, alipokuwa rafiki wa Nasri, mume wa Saleha, muuzaji wa duka la ushirika. Mwaka themanini na tatu, katika msako wa walanguzi, katoni sita za sabuni ya magendo zilikutwa stoo kwa Nasri. Alifia mahabusu. Walikuja kumzika watu tisa. Miaka kumi na minne sasa, mtaani bado aliitwa Nasri Sabuni.

Saleha alijua katoni zile zilikuwa za nani. Shahidi ndiye hakuwa naye.

Ijumaa, baada ya swala, Yakoub aliwaomba watu wasitoke msikitini. Nyuma ya pazia la wanawake Saleha alikaa mstari wa mbele.

"Nasri hakuwa na kosa," Yakoub alisema. "Sabuni zilikuwa zangu, nilizivusha mpakani, kwa njia ya Moa. Niliposikia msako unakuja, nilizihamishia stoo kwake bila yeye kujua. Na aliyewaita askari ni mimi. Nakufa, jamani. Niwieni radhi."

"Lahaula!" mtu akasema. Wengine walikuwa wakilia.

Shekhe alisogea karibu na pazia. "Bi Saleha, ndugu yetu yuko safarini kwenda kwa Mola wake. Unamsamehe?"

"Ngoja kwanza, Shekhe. Barua ya daktari sikuisoma vizuri siku ile. Kwa kuwa watu wote wapo, Mwalimu Hilal aisome."

Karatasi ilipita chini ya pazia. Hilal, aliyefundisha Kiingereza sekondari, aliipitia kimya, akamtazama Yakoub, akakohoa kidogo, kisha akaanza kutafsiri taratibu.

"Ini limekakamaa. Dawa imepita vizuri, hakuna kilichong'aa. Saratani hakuna. Mgonjwa arudi kupimwa baada ya miezi sita."