Chapati za Mwakio

Jeshi lilihifadhi kumbukumbu za akilini mwa kila askari aliyefia kazini, na kila siku yake ya kuzaliwa familia iliruhusiwa kuishi ndani ya kumbukumbu moja kwa muda wa saa moja. Mwaka huu kaka yangu Mwakio angetimiza miaka ishirini na sita. Mama alivaa gauni jipya, akaketi sebuleni, nami nikamvisha kofia ya kumbukumbu yenye nyaya.

Punde akaanza kucheka.

“Mghoi, anawapikia wenzake chapati! Zimeungua, na bado wanazigombania. Sajini ameficha mbili mfukoni!”

Tulicheka hadi machozi. Ndivyo alivyokuwa Mwakio, hakuweza kula peke yake. Alikufa akimtoa mwenzake kwenye gari lililokuwa likiwaka moto.

Muda huo wa saa moja ulipokwisha, nilimvua kofia. Mama akapangusa mikono kana kwamba ina unga, akanitazama kwa furaha.

“Vipi, Kadogo?” akasema. Mwakio pekee ndiye aliyeniita hivyo. “Mama yuko wapi?”

Jeshi lilinifundisha la kufanya iwapo aliyevaa kofia ataamka akidhani yeye ndiye marehemu: nimwite Mama kwa jina lake, upesi. Badala yake nikaketi karibu naye.

“Yuko njiani, kaka,” nikasema. “Hebu nihadithie kuhusu zile chapati.”